Kituo cha tiba ya viungo pale Soweto, Mbeya: hapa unaelezwa pingili zako mpaka unaelewa

Kama mgongo unakuuma mpaka maumivu yanashuka mguuni, na unaishi Mbeya mjini au unaweza kupanda gari kutoka Tukuyu, Mbalizi au Chunya, nenda kwenye kile kituo kidogo cha tiba ya viungo kilichopo Soweto, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mimi ni msimamizi wa vijana wa kupakia viazi Uyole. Kabla ya kusimamia nilibeba mwenyewe tangu ujana wangu, kwa hiyo habari za mgongo sizisemi kwa kusimuliwa. Nimeuzungusha mgongo huu sehemu kadhaa, na hapo Soweto ndipo mtu alipokaa na mimi kwa mara ya kwanza akanieleza ni kitu gani kinauma, kiko wapi, kinaitwaje, na kwa nini jambo lililoanzia kiunoni linaunguza unyayo.

Huko nilikopita kabla, nilisikia maneno matatu. Kwenye zahanati moja waliniambia pingili zimesagika, wakanipa vidonge vya maumivu. Duka la dawa waliniambia pingili zimeachana, wakaniuzia mkanda. Mzee mmoja anayechua watu mtaani alisema pingili imeruka, akataka kuirudisha kwa goti. Ukisikia zimesagika, zimeachana, imeruka, unajiona mtu aliyekwisha. Unaogopa kuinama, unaogopa kutembea, unaogopa hata kupiga chafya. Mke wangu alianza kunivalisha soksi.

Mtaalamu wa pale ni dada mmoja, bado kijana, aliyesomea fiziotherapia, yaani hiyo tiba ya viungo, kwenye hospitali ya KCMC, Moshi. Wagonjwa wote tunamwita daktari. Siku ya kwanza hakukimbilia kugusa mgongo. Aliniamkia, akanikalisha, akaniacha nieleze mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Baba, samahani kwa maswali nitakayouliza, lakini lazima niulize." Haja ndogo inatoka sawasawa, au inakwama, au inavuja? Ukijisafisha chooni unahisi, au pamekufa ganzi? Miguu yote miwili inakosa nguvu kwa pamoja? Unatoka jasho usiku? Unapungua mwili bila sababu?

Nikajibu hapana kwa yote, naye akanieleza kwa nini ameuliza. Chini kabisa ya mgongo kuna fungu la mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye kibofu, haja kubwa na miguu. Fungu hilo likibanwa, mtu hatakiwi kufanya mazoezi wala kuchuliwa, anatakiwa kufika hospitali kubwa siku hiyohiyo, kwa sababu kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu wa kudumu. Maswali ya jasho na kukonda yalikuwa ya kifua kikuu. Nilidhani ugonjwa huo unakaa kifuani tu, kumbe unaweza kuingia kwenye mgongo na kula mfupa wenyewe mpaka mtu apinde. Daktari wa upasuaji wa Uingereza, Percivall Pott, aliueleza upindaji huo mwaka 1779, na mpaka leo madaktari wanauita kwa jina lake. Kwa maswali yale tu ningelipa nauli ya kwenda. Mtu anayekupiga goti mgongoni bila kuuliza hayo anacheza na maisha yako.

Baadaye akaleta sanamu ya plastiki ya mgongo mzima, ya urefu wa kweli, imening'inizwa kwenye stendi. Hii ndiyo mali kubwa ya kile kituo, na kila mgonjwa anaruhusiwa kuishika. Akaniuliza, "Baba, ukimenya muwa, pingili ni ipi?" Nikamwonyesha kwa vidole: kile kipande kati ya fundo na fundo. Akasema ndiyo, na hapo ndipo wengi tunapochanganyikiwa, kwa sababu kwenye muwa pingili ndiyo sehemu laini yenye maji na fundo ndilo gumu, lakini mgongoni ni kinyume chake. Pingili ni mfupa mgumu, na kilicho katikati ya pingili na pingili ndicho laini. Kile laini kinaitwa diski. Nje ina nyuzi ngumu zilizozungushwa tabaka kwa tabaka, ndani ina kiini cha ute mzito. Mtu akikwambia pingili zimesagika, unapiga picha ya mawe mawili yanayosagana. Kwa mtu kama mimi mifupa haisagani. Diski yangu moja imetokeza kwa nyuma na kugusa mshipa wa fahamu unaopita hapo.

Tukahesabu pamoja kwenye ile plastiki. Shingoni pingili 7, kifuani 12 ambazo mbavu zimeshikamana nazo, kiunoni 5. Hizo 24 ndizo zinazocheza. Chini yake kuna 5 nyingine ambazo mtu akikua zinaungana kuwa mfupa mmoja mpana uliokaa katikati ya nyonga, na mwisho ni kifandugu, ambacho kwa watu wengi ni vipande 4 vidogo. Jumla 33. Diski ni 23, na kati ya pingili ya kwanza na ya pili za shingo hakuna diski kabisa, ndiyo maana shingo inageuka kwa urahisi kulia na kushoto. Nilikuwa nimeishi na vitu hivi kwa zaidi ya nusu karne.

Kisha akavuta uzi wa njano uliopita ndani ya tundu za zile pingili. Huo akauita ugwe wa mgongo. Alisema sisi tukisema "uti wa mgongo" tunachanganya vitu viwili: nguzo ya mifupa, na huu ugwe wa fahamu uliofichwa ndani yake. Kwenye hotuba uti wa mgongo ni nguzo, ndiyo maana tunasema kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Shuleni tulifundishwa wanyama wenye uti wa mgongo na wasio nao, na hapo pia maana ni mifupa. Lakini mtu akisema amechomwa sindano ya uti wa mgongo wakati wa kujifungua, kila mmoja anaona ncha ya sindano imeingia kwenye ugwe. Akanionyesha kwamba kwa mtu mzima ugwe unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano ile inaingia chini ya hapo, kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu. Nilimwomba arudie maelezo hayo mbele ya mke wangu tuliporudi pamoja, kwa kuwa binti yetu alikuwa mjamzito na nyumbani tulikuwa tumejazwa hofu juu ya sindano hiyo.

Mkanganyiko huu wa jina si jambo dogo, na hapa nitaeleza habari ya kijana wangu mmoja wa kupakia. Naye alianza kuumwa mgongo na mguu, akaenda kutibiwa sehemu, akarudi na maneno haya: "Nimeambiwa nina uti wa mgongo." Mama yake yuko Rungwe. Kwa simu alichosikia ni homa ya uti wa mgongo, ule ugonjwa wa kuambukiza unaotangazwa redioni. Yule mama alilia, akawazuia wadogo zake wasije Mbeya kumwona, na wenzake aliokuwa anakaa nao chumba kimoja wakaanza kumtengea kikombe. Nilimpeleka Soweto. Daktari alipomaliza kumpima akaomba namba ya mama, akampigia palepale. "Shikamoo mama. Mwanao hana homa. Ile homa ni uvimbe wa ngozi laini zinazofunika ubongo na ugwe, unaletwa na vijidudu. Huyu diski yake ya kiuno imegusa mshipa, haimwambukizi mtu." Mama akauliza tena na tena, naye akajibu tena na tena bila kuchoka, mpaka tukamsikia anashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu." Simu ile haikuwekwa kwenye bili.

Upimaji wake ni wa mikono, na unaona mwenyewe kinachotokea. Alinitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Kwa visigino nilikwenda vizuri. Kwa vidole mguu wa kulia uligoma. Akanilaza chali akanyanyua mguu ulionyooka, nao ulipofika nusu ya njia moto ukashuka mpaka kwenye ukingo wa unyayo. Akagonga kwa kinyundo nyuma ya kifundo, kushoto mguu ukaruka, kulia ukatulia. Akasema: mshipa unaopita nyuma ya diski iliyo chini ya pingili ya mwisho ya kiuno ndio umeguswa. Kabla hajaona picha yoyote! Nilipomtolea karatasi ya MRI, kile kipimo cha picha kinachoonyesha mpaka diski na mishipa, niliyokuwa nayo kwenye bahasha, ilikuwa imeandikwa L5-S1, na sikuwahi kujua maana yake. Sasa naijua na ninaiandika hapa kwa faida ya mwenye bahasha kama yangu: C ni pingili za shingo, T za kifua, L za kiuno, S ule mfupa ulioungana. L5-S1 ni diski iliyo kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa huo. L4-L5 ni ile ya juu yake. Diski hizi mbili ndizo zinazoumiza watu wengi zaidi, maana ziko chini kabisa na zinabeba uzito wote wa juu. Picha ya eksirei ya kawaida inaonyesha mifupa, diski haionekani ndani yake, kwa hiyo usishangae ukiambiwa picha ni safi huku mguu unawaka.

Kuhusu kusagika alinionyesha kwenye simu muhtasari wa utafiti wa mwaka 2015 uliokusanya picha za watu 3,110 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikwisha kuwa na dalili za diski kuchakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Watu hao hawaumwi! Ni kama mvi. Picha peke yake haitoshi kumwambia mtu amekwisha.

Tiba yenyewe nilidhani itakuwa mashine. Mashine ipo, na mto wa moto upo, unatuliza, lakini yeye mwenyewe anasema hivyo ni vya kukufanya uweze kufanya mazoezi. Zoezi langu kuu ni kulala kifudifudi na kunyanyua kifua kwa mikono huku nyonga zimebaki kitandani, mara kumi, mara kadhaa kwa siku. Mtaalamu wa New Zealand, Robin McKenzie, ndiye aliyelieneza. Mwaka 1956, kwenye kliniki yake Wellington, mgonjwa mmoja alilala kifudifudi kwenye kitanda kilichoachwa kimeinuliwa upande wa kichwa, akakaa hivyo kwa muda, na alipoinuka maumivu ya mguu yalikuwa yametoka. McKenzie akaanza kulifuatilia jambo hilo kwa wagonjwa wengine. Daktari wetu alinionya mapema kwamba maumivu yanaweza kutoka kwenye unyayo, yakapanda kwenye shavu la mguu, yakapanda kwenye kalio, kisha kiuno kikauma zaidi ya mwanzo. "Hiyo ni dalili nzuri, baba. Usiache." Kweli ilitokea hivyo hivyo. Kama hakunionya ningetupa mazoezi na kurudi kwenye vidonge. Lakini si kila mgongo unapewa zoezi hili. Yule kijana wangu maumivu yalishuka zaidi alipojaribu, akabadilishiwa mara moja, akapewa ya upande. Kwa hiyo usilichukue hapa ukalifanya nyumbani bila kupimwa.

Amenifundisha pia habari ya asubuhi, na hii wapakiaji wote wa Uyole, Isyonje na Igoma waisikie. Usiku ukiwa umelala, diski zinanyonya maji na kuvimba. Mchana uzito unazikamua. Mtu anaamka mrefu kuliko alivyolala, kwa kiasi cha kama sentimita moja. Diski ikiwa imejaa hivyo, kuinama kwa mzigo mzito kunaikaza kupita kiasi. Sisi kazi yetu inaanza alfajiri, baridi ya Juni inakata masikio, kijana anatoka kwenye blanketi moja kwa moja anaingia chini ya gunia. Tangu nielezwe hilo, vijana wangu wanaanza kwa kutembea, kukunja turubai, kufunga kamba, kupanga. Magunia yanafuata baadaye. Wenye mali walinung'unika mwanzoni, lakini gari linajaa kwa muda uleule.

Na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Ukutani pale kituoni amebandika karatasi: Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 1967 linapendekeza mwanaume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Sheria yetu ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na hilo tayari linakaribia mara mbili. Sasa weka kilemba juu yake, uliongeze shingo kwa kamba, halafu umwekee kijana wa miaka ishirini mgongoni apande nalo ubao wa Fuso. Tunaongea lumbesa kama habari ya kumpunja mkulima, na kweli inampunja, lakini ipo pia kwenye L5 ya kijana wa watu. Mimi lumbesa sipakii tena. Gunia la kilo mia linanyanyuliwa na watu wawili. Anayetaka tofauti aende kwa msimamizi mwingine, na wapo walioondoka.

Kuhusu mkanda niliouziwa, hakuutupa. Alisema niuvae ninapofanya kazi nzito kwa muda mfupi, nisiuvae kutwa nzima wala kulala nao, na nisidhani unazuia diski kutokeza. Yeye hauzi mikanda. Hilo nalo lilinifanya nimwamini.

Kasoro zipo. Kubwa ni ngazi. Kituo cha watu wa migongo na magoti kukaa ghorofa ya kwanza, kwenye ngazi nyembamba isiyo na kishikio upande mmoja, ni mateso. Nimemwona bibi mmoja akipanda kwa kukaa ngazi hadi ngazi. Nilimwambia daktari, akasema kodi za chini amezishindwa. Mwenye nyumba angeweka walau bomba la kushikia. Mabenchi ya kusubiria hayana egemeo, kwa hiyo wengi tunasubiri tumesimama. Bima ya afya bado hawapokei, ni fedha taslimu au kwa simu: kupimwa mara ya kwanza nilitoa shilingi 30,000, na kila ukirudi 15,000. Kwa mpakiaji hiyo si hela ndogo. Ila hakulazimishi kurudi kila siku; anakupa mazoezi ukayafanyie nyumbani, anakuangalia tena baada ya wiki, na nguvu zikirudi anakwambia usije tena. Sehemu nyingine nililipia mashine siku baada ya siku bila mtu kuniuliza kama mguu umepata nafuu. Mtaalamu pia ni mmoja tu. Akisafiri, kituo kinafungwa.

Jambo jingine napenda wasomaji walijue kabla hawajauza shamba: wengi wenye diski iliyotokeza wanapata nafuu ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache bila kisu. Alinieleza hivyo mwanzoni kabisa, na akanieleza pia ni lini atanipeleka kwa madaktari wa upasuaji: nguvu za mguu zikiendelea kupungua, haja zikiharibika, au maumivu yakikataa kabisa baada ya tiba ya kutosha. Hakuidharau hospitali, na mmoja wa wagonjwa niliowakuta alikuwa anaandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda siku hiyohiyo kwa sababu mguu wake ulikuwa unaburuta.

Mguu wangu wa kulia sasa unanyanyukia vidole. Unyayo una ganzi kidogo upande wa nje, ameniambia mshipa wa fahamu unapona taratibu, na hisia huchelewa kurudi kuliko nguvu. Soksi navaa mwenyewe.

Ukienda, beba picha na karatasi zako zote hata za zamani, vaa suruali inayolegea, na mweleze maumivu yanapoishia, siyo yanapoanzia tu. Jumatatu asubuhi foleni ni ndefu. Katikati ya wiki baada ya saa nane mchana unamkuta ametulia. Jumamosi anafunga saa saba. Ukishuka daladala Soweto uliza kituo kilichopo juu ya duka la saruji na mabati, na kama unaumwa sana, mwite kijana wa dukani akushike mkono kwenye ngazi. Wamezoea, hawadai kitu.